Mtoto Aliyeziba Masikio Usiku wa Noeli



Usiku mmoja wa Noeli, katika kanisa la pwani yetu ya Kilwa, ngoma zilipolia na vigelegele vikapaa, mtoto wa miaka saba aliziba masikio, akapiga mayowe, akajitupa sakafuni. Waumini waligeuka. Baadhi walinong'ona kwamba amepagawa. Wengine walimlaumu mama kwa kumdekeza. Nasi tuliokuwa altareni tulitoa ishara kwamba mtoto atolewe nje. Mama alimbeba, akatokomea gizani, na Noeli iliyofuata hatukumwona. Tunalikiri jambo hili kwa masikitiko, kwa kuwa kosa lilikuwa letu.

Hatimaye tulimtembelea, tukakuta nyumba yake imekuwa shule. Mwanawe ana usonji. Darasa lenye wanafunzi wengi lilimshinda, hivyo mama humfundisha mwenyewe barazani. Huko tulijifunza kwamba Mungu ametujalia sote milango ya fahamu, ila haifunguki sawasawa kwa kila mtu. Ngoma inayotufurahisha sisi humwingia mtoto huyu kama radi. Ukosi wa shati jipya la sikukuu humwasha kama upupu. Jean Ayres, mtaalamu wa Marekani aliyefariki mwaka 1988, alitumia maisha yake kuchunguza watoto wa namna hii, akawaandalia mazoezi ya kugusa, kubembea na kubeba. Wataalamu wangali wakijadiliana juu ya kiasi cha faida yake, na mazoezi hayo hayaondoi usonji. Hata hivyo, mtoto aliyetulia hufundishika zaidi.

Desemba ndiyo mwezi mgumu. Ndugu zake wamefunga shule, wageni wanaingia, na ratiba aliyoizoea inavunjika. Mama huyu hakuyaacha masomo. Aliyaingiza katika maandalizi ya sikukuu. Asubuhi humchorea kwa mkaa shughuli za siku, moja baada ya nyingine, ili mtoto ajue kinachofuata. Kabla ya kusoma, mtoto hubeba ndoo ya maji isiyojaa, au hukanda unga wa maandazi, kwa maana kazi za kubeba na kukanda huweza kuutuliza mwili. Mama akikuna nazi, mwana hukamua tui na kuhesabu vifuu. Maji yakipwa, huenda pwani wameshikana mikono, naye huandika herufi kwa kidole katika mchanga uliolowa. Jioni hubembea kidogo chini ya mwembe. Kila zoezi ni la dakika chache, kisha somo, kisha mapumziko.

Hamlazimishi. Akikataa tope, humpa mchanga mkavu. Wala hampi korosho mbichi za kuhesabia, kwa kuwa mafuta ya ganda lake huunguza ngozi. Humpa simbi kubwa asizoweza kumeza. Wapo wanaotukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Ni kweli, lakini anayemkunja kwa pupa humvunja.

Ndugu wapendwa, katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliletewa kiziwi. Kabla ya kumponya alimtenga na umati, kisha akamgusa masikio na ulimi. Alijua kwamba kelele za watu si mahali pa kuanzia. Na Noeli yenyewe ni nini, kama si Mungu kukubali kuguswa? Alivikwa nguo za kitoto, akalazwa horini, akasikia baridi na joto la mama. Aliyekuja kwetu kwa njia ya ngozi na masikio hawezi kumdharau mtoto ambaye ngozi yake na masikio yake humtesa.

Basi, enyi makatekista, Noeli hii tafuteni nyumba ambazo watoto wa aina hii wamefichwa. Mleteni mtoto kanisani siku moja kabla, pakiwa kimya. Aguse majani makavu ya pango, asikie ngoma ikipigwa taratibu. Mwekeeni mama nafasi karibu na mlango, na atokaye asitazamwe kwa jicho kali. Tena, barazani pa mama pasiwe kisingizio cha kumsahau: Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambulia mtoto huyu haki ya elimu, nasi tumsindikize mama anapoidai.

Mwaka uliofuata mtoto yule alikuja. Mchana wa mkesha alilipanga pango pamoja nasi, akishika kila jani. Usiku alivumilia hadi Injili, akatoka nje na mama yake, kisha akarudi mwenyewe hadi horini. Ngoma zilikuwa zimepunguzwa sauti. Hatukuona kwamba sikukuu imepungukiwa na kitu.

Mtoto Yesu, uliyelala horini, utufundishe kupokea kwa upole. Amina.