JE, WENZI WA DARASANI HUMCHAGULIA MTOTO MASOMO?

(Maneno ya hotuba kwa wazazi na walimu)



Nimeombwa niseme machache juu ya swali linalowasumbua wazazi wengi: je, binti apendaye hesabu na sayansi apelekwe shule ya wasichana peke yao, au asome pamoja na wavulana? Swali hili si dogo. Mtoto akiisha kuiacha fizikia, mlango wa uinjinia umefungwa, na kuufungua tena ni taabu kubwa.

Wanaozisifu shule za wasichana humtaja marehemu Profesa Wangari Maathai. Yeye alimaliza masomo ya Loreto, Limuru, mwaka 1959. Akaenda Marekani katika chuo cha wanawake huko Kansas, akapata shahada ya elimu ya viumbe mwaka 1964. Na mwaka 1971 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mfano huu ni mwema, lakini mtu mmoja hawezi kuwa kipimo cha watu wote.

Katika nchi ya Austria, wataalamu waliona kwamba wasichana waliosoma na wasichana wenzao wengi walielekea zaidi kuchagua shule za ufundi, ambazo kwa desturi hujaa wavulana. Lakini uchunguzi wa Denmark, uliotangazwa mwaka 2020, ulionyesha kinyume chake. Huko, kila wasichana walipozidi katika madarasa ya hesabu ya sekondari, ndivyo walivyopungua wasichana walioendelea na sayansi na uinjinia katika vyuo, nao wavulana wakazidi.

Tena mwaka 2014 wataalamu walikusanya habari za uchunguzi 184, zenye wanafunzi 1,600,000 wa nchi 21. Walipozitazama zile zilizofanywa kwa uangalifu zaidi, waliona kwamba tofauti kati ya shule za mchanganyiko na zile za jinsia moja ni ndogo mno.

Basi tujifunze nini? Wenzi wana nguvu, wala mtu asilikane jambo hilo. Lakini nguvu hiyo yaweza kumvuta mtoto huku au kule. Kwa hiyo mzazi asitosheke na kuuliza, “Je, ni shule ya wasichana?” Na aulize pia: Je, ina maabara? Yuko mwalimu wa fizikia? Katika darasa la mchanganyiko, wasichana nao hushika vyombo vya majaribio kwa mikono yao, au huandika tu yale wanayoyafanya wavulana?

Na kwenu ninyi walimu, nasema hivi: msichana akikosa hesabu, msimwambie kwamba hesabu si kazi ya wanawake. Mwonyesheni alipokosea, kama mnavyomwonyesha kaka yake.

Wahenga walisema, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Wenzi wa darasani hatuwezi kuwachagua wote. Maneno tunayomwambia mtoto tunayachagua sisi wenyewe.