Mamlaka Yaandikwe Kabla ya Ushindi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wapenda mageuzi na waumini, Kedowa)



Katika sehemu hizi za Kericho tunajua maana ya kuhama. Mwaka 1992, na tena mwanzoni mwa 2008, jamaa waliacha nyumba zao wakajisitiri katika viwanja vya makanisa. Aliye nje ya kwake huwaza jambo moja tu: kurudi. Lakini wanaowaongoza watu walio nje wanapaswa kuwaza zaidi: wakisharudi, watatawala kwa mamlaka gani? Funzo lipo kwa jirani zetu wa Uganda, katika maisha ya Profesa Yusuf Lule.

Lule, aliyezaliwa mwaka 1912, alikuwa mwalimu, kisha waziri katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Chuo cha Makerere. Idi Amin alipokuwa akitawala, yeye aliishi ugenini.

Machi 1979, majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda wakiwa njiani kuelekea Kampala, wakimbizi wa vikundi zaidi ya 20 walikutana Moshi. Hapo waliunda UNLF, wakamchagua Lule awe kiongozi, kwa sababu hakuwa na jeshi wala chama cha kuogofya wenzake. Waliunda pia Baraza la Mashauri, liwe kama bunge. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili. Siku mbili baadaye Lule akaapishwa kuwa Rais.

Ugomvi haukukawia. Lule alibadilisha mawaziri bila kulishauri Baraza, akishikilia kwamba katiba ilimpa Rais uwezo huo. Baraza nalo likashikilia kwamba mapatano ya Moshi yalitaka uteuzi upate idhini yake. Tarehe 20 Juni lilimwondoa, baada ya siku 68 tu. Wananchi wa Kampala waliandamana kumtetea, lakini hakurudishwa.

Ndugu zetu, hatukuja hapa kumhukumu marehemu. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Kosa lilikuwa kwamba huko Moshi watu walikubaliana upesi juu ya adui, wasikubaliane vya kutosha juu ya mamlaka. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Mrithi wake, Godfrey Binaisa, aliondolewa na wanajeshi Mei 1980. Baada ya uchaguzi wa Desemba uliobishaniwa, vita vikaanza upya mwaka 1981. Lule, akiwa tena uhamishoni, aliungana na Yoweri Museveni akawa mwenyekiti wa NRM. Alifariki London Januari 1985, mwaka mmoja kabla ya NRM kuingia Kampala.

Tusiwacheke jirani. Sisi tulianzisha FORD mwaka 1991, tukaimba wimbo mmoja wa mageuzi. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 chama kilikwisha kupasuka vipande viwili, kwa sababu viongozi hawakupatana ni nani agombee na achaguliwe kwa njia gani. Rais Moi alishinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Zilizobaki, ambazo ni nyingi zaidi, ziligawanyika miongoni mwa wapinzani.

Basi tuanzie hapa nyumbani. Iwe ni kamati ya kanisa, ya maji, ya kituo cha kununulia majani chai, au tawi la chama, tuandike mapema: nani anateua, nani anaidhinisha, nani aweza kuondoa, na kwa kura ngapi. Yaandikwe wakati tungali tunapendana, yasomwe mbele ya wote, na kila mmoja atie sahihi. Maandishi hayo ndiyo yatakayotulinda siku ya ushindi, maana siku hiyo kila mtu atakumbuka ahadi kwa namna impendezayo.

Mungu awabariki, na aibariki Kenya.