Katoni Kabla ya Miwani: Mifano ya Majaribio ya Uhalisia Pepe na Uhalisia Ulioboreshwa katika Biashara



Mliniona nikiingia na mzigo wa katoni kwapani, na najua wapo waliodhani nimepotea njia ya kwenda godauni. Sijapotea. Hizi ni katoni za friji, na ndizo zilizonipa jibu la kwanza la maana katika kazi hii ya uhalisia ulioboreshwa.

Istilahi kwanza, tusije tukapishana. Uhalisia pepe ni pale unapovaa miwani ikakufunika macho, ukajikuta mahali pengine kabisa. Uhalisia ulioboreshwa unakuacha papo hapo ulipo, sebuleni au karakana, ila kupitia simu au miwani unaona na kitu cha ziada ambacho hakipo. Mfano wa majaribio ni kile ambacho mafundi wa Keko, Dar es Salaam, wanakiita sampo. Sampo haiuzwi. Inatengenezwa ili iulize swali.

Ni huko huko Keko nilikoitwa na fundi samani mmoja. Alikuwa ameona programu ya IKEA Place, iliyotoka mwaka 2017, ambayo ilimwezesha mtu kuelekeza simu sebuleni kwake akaona kochi limekaa pale kwa vipimo vyake halisi. Naye akataka ya kwake: mteja aone kabati chumbani kabla mninga haujakatwa. Fedha za kumlipa mtengeneza programu kwa miezi mitatu alikuwa nazo. Nikamwomba siku mbili na katoni nne.

Tukatengeneza kabati la milango mitatu kwa ukubwa wake kamili, kina futi mbili, kila mlango futi mbili. Bawaba zilikuwa utepe wa kufungia mizigo. Tukalipeleka kwa mteja wake, dada mmoja aliyepanga chumba cha futi kumi kwa kumi, kitanda chake tano kwa sita. Tukalisimamisha ukutani, mbele ya miguu ya kitanda. Yule dada hakusema lolote kuhusu rangi wala nakshi, mambo ambayo sisi tulikuwa tumeyachora kwa wiki nzima. Alikwenda moja kwa moja akavuta mlango. Ukagonga kitanda.

"Fundi, nguo nitazitoaje?"

Pigeni hesabu. Futi kumi, toa sita za godoro, toa mbili za kabati, zinabaki mbili. Lakini kitanda si godoro tupu. Kina ubao wa kichwani na fremu, navyo vilikula inchi nne. Mlango wa futi mbili haufunguki kwenye futi moja na inchi nane. Siku ile ile fundi akabadili oda ikawa ya milango ya kusukuma, nasi tukabadili mpango mzima wa programu. Tulikuwa tumepanga kumwonyesha mteja picha nzuri ya kabati lililofungwa. Kumbe alichohitaji ni kuliona likifunguka, na kujua kama litapita kwenye korido ya nyumba ya kupanga. Tungeanza na simu, tungegundua hayo baada ya miezi mitatu, na fedha zimekwisha.

Mtu anaweza kusema hilo ni kabati tu. Basi tupande ndege.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti wawili wa Boeing, Tom Caudell na David Mizell, walikuwa wakishughulikia tatizo la nyaya. Ndege kubwa ina maelfu ya nyaya, nazo hufungwa mafungu mafungu nje ya ndege kabla hazijaingizwa. Fundi alikuwa akilaza nyaya juu ya ubao mkubwa uliobandikwa mchoro, waya huu upite hapa, ule ukunje pale. Kila fungu lilikuwa na ubao wake, na mbao hizo zilijaza maghala. Wazo lao lilikuwa rahisi kulieleza: uwe ubao mmoja mtupu, na mchoro uonekane kupitia miwani. Wao ndio wanaotajwa kuwa waliupa uhalisia ulioboreshwa jina lake la Kiingereza, na mwaka 1992 wakachapisha maelezo ya mfano wao wa majaribio.

Wazo lilikuwa sahihi, lakini miwani ya wakati ule ilikuwa mizito na yenye nyaya zake yenyewe, na kukijua kichwa cha fundi kimeelekea wapi, kwa usahihi wa kutosha kuulaza mstari juu ya ubao, kulikuwa kugumu mno. Zaidi ya miaka ishirini ikapita. Boeing waliporudi kwenye tatizo lile lile na miwani ya Google Glass, walitangaza kwamba muda wa kutengeneza mafungu ya nyaya umepungua kwa asilimia 25.

Hapa ndipo ninapoomba msikilize kwa makini, maana watu wengi hulipita. Google Glass haikulaza mstari wowote juu ya ubao. Ilimwonyesha fundi maelekezo mafupi kwenye kona ya jicho, basi. Kabla ya hapo alikuwa akisoma kwenye kompyuta ya mkononi iliyo pembeni: ageuke, asome, arudi, atafute alipoishia. Kilichookoa muda ni shingo kutogeuka na mikono kubaki kwenye kazi. Swali la kama hilo linaokoa muda lingeweza kuulizwa hata mwaka 1992 kwa kipande cha karatasi kilichoning'inizwa kwenye ukingo wa kofia. Sisemi kwamba Caudell na Mizell walikosea. Bila wao tusingekuwa hapa. Nasema ndoto ilikuwa kubwa kuliko tatizo, na sampo ya bei ya chini ndiyo inayotenganisha viwili hivyo.

Ndiyo maana nawasihi mfanye majaribio pale kazi inapofanyikia. DHL, walipotaka kujua kama miwani inasaidia kuokota mizigo ghalani, walikwenda kwenye ghala lenyewe, Bergen op Zoom huko Uholanzi, wakawapa miwani wafanyakazi kumi kwa wiki tatu. Wakaokota vitu zaidi ya 20,000, na ufanisi ukapanda kwa asilimia 25. Watu kumi, wiki tatu. Hata kampuni ya ukubwa wa kati hapa kwetu inaweza kuandaa jaribio la kiasi hicho.

Mbinu ya pili baada ya katoni naiita karagosi. Kwenye mchezo wa karagosi watoto hutazama kidoli, hawamtazami anayevuta nyuzi. Mpe mhusika fremu ya simu iliyokatwa dirisha katikati, na mwenzako abadilishe karatasi za plastiki zenye michoro kila mhusika "anapobonyeza". Mashine hakuna, kuna mtu anayejifanya mashine. Utaona mhusika anataka kubonyeza wapi, anakwama wapi, na anakasirika lini. Sharti moja tu: anayejifanya mashine asiongee. Nimeharibu majaribio mawili kwa kuwa na mwenzangu mpole, aliyekuwa akiwanong'oneza watu majibu.

Kwa mafunzo ya kazini, hatua ya bei nafuu ni video ya nyuzi 360. Unaweka kamera katikati ya duka siku ya msongamano, ukarekodi. Walmart walianza kuwafundisha wafanyakazi kwa video za namna hiyo mwaka 2017, na mwaka uliofuata wakatangaza kusambaza miwani 17,000 madukani Marekani. Video haimruhusu mtu kushika kitu, na mara nyingi hahitaji kushika. Ukiona lazima ashike, ndipo uingie kwenye programu za kuunda vitu vya pande tatu kama Blender, Unity au A-Frame, na hapo andaa mfuko.

Ukishafika kwenye kifaa chenyewe, mambo mengine huanza. La kwanza ni kichefuchefu. Jicho likiambiwa tunakwenda na sikio la ndani likasema tumesimama, tumbo ndilo linaloamua ugomvi. Picha zikipungua chini ya 72 kwa sekunde, au zikichelewa kufuata kichwa, mtu anavua miwani na harudi tena. Usimsogeze mtu asiposogea mwenyewe. Na usijipime wewe uliyetengeneza, kwa sababu umeshazoea. Mlete mtu ambaye hajawahi kuivaa.

La pili ni vichwa vyetu. Mikanda ya miwani mingi hukaa vizuri kwenye nywele fupi au zilizolala. Weka kwenye rasta, misuko ya kwenda juu, kilemba au hijabu, uone. Nimewahi kuona jaribio zima katika taasisi moja likiripoti kwamba "wanawake hawaipendi teknolojia", kumbe miwani ilikuwa ikiteleza kila wakiinama. Ongeza joto la Dar na jasho, watu ishirini wanapokezana kifaa kimoja. Nunua vitambaa vya kufuta kabla ya kununua programu.

La tatu nililipata kwa yule yule dada wa kabati. Tuliporudi na simu, programu ikagoma kuiona sakafu. Vigae vilikuwa vyeupe, vinang'aa, na simu hutafuta madoa na kingo ili ijue sakafu iko wapi. Pasipo na alama haina pa kushika. Tukazunguka chumba dakika tano kama wapiga ramli. Yeye akachoka, akachukua khanga yake akaitandika chini ili mtoto akae. Maua ya khanga yakawa alama, kabati likasimama. Siku hizi programu hiyo ikikwama humwambia mtumiaji atandike khanga au mkeka. Agizo hilo sikulikuta kwenye mwongozo wowote.

Kuhusu vifaa vya kununua sitasema mengi, kwa kuwa vinakufa. Toleo la kampuni la Google Glass liliacha kuuzwa Machi 2023, na utengenezaji wa HoloLens 2 ya Microsoft ulisimamishwa mwaka 2024. Waliokuwa wamefunga kazi yao yote kwenye kifaa kimoja walibaki na miwani ya kupambia kabati. Waliokuwa na daftari la majaribio, nani alikwama wapi, mlango uligonga nini, inchi ngapi, daftari lao bado linafanya kazi kwenye kifaa chochote kitakachokuja.

Tuingie kwenye zoezi. Kila kundi litachukua katoni mbili, utepe, kisu, futi kamba na karatasi tano za plastiki. Mtachagua kazi moja ya mwanakikundi mmoja: stoo ya dawa, gereji, kaunta ya benki, chochote. Mmoja wenu atakuwa simu, na simu haiongei. Mnazo dakika arobaini, na katoni za friji ni tatu tu, kwa hiyo makundi ya nyuma yawahi.