Nani Hajaulizwa?



Wachungaji, mashehe, wazee wa mtaa, walimu, wazazi mliofika hapa Olympic, Kibera, tangu asubuhi, nanyi wahitimu: hongereni sana.

Wapo wazazi hapa waliolipa karo kwa kukaanga mandazi, kufua nguo za watu na kubeba mizigo soko la Toi. Wahitimu, simameni muwapigie makofi.

Nina neno moja tu leo. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na umaskini wa Kibera na Kawangware hautaondolewa na mfadhili peke yake. Mfadhili ana pesa, mwalimu ana ujuzi. Lakini jumuiya ndogondogo za Kikristo za Laini Saba na waumini wa msikiti wa Makina wana kitu kisichonunuliwa: wanajua ni nyumba ipi haikuwasha jiko jana, na ni mtoto yupi ameacha shule kimyakimya. Mradi ukipangwa bila watu hawa, hukosa mwenyewe, na pesa zikiisha mlango hupigwa kufuli.

Watazameni wenzetu wa shule ya St. Aloysius Gonzaga. Mwaka 2003, walei wa Jumuiya ya Maisha ya Kikristo pamoja na padri Mjesuiti, Terry Charlton, walianzisha sekondari kwa ajili ya vijana wa Kibera waliofiwa na wazazi kwa sababu ya Ukimwi. Wahisani wa ng'ambo walichangia. Lakini kinachonigusa zaidi ni utaratibu wao: kijana akimaliza kidato cha nne, kabla ya kwenda chuo, huitumikia jamii kwa miezi 6. Aliyesomeshwa kwa mchango wa wengine naye anatoa alicho nacho, yaani muda wake na nguvu zake. Huo ndio ushirika wa kweli, kila mtu anapokea na kila mtu anatoa.

Basi wahitimu, msisubiri kutajirika. Fundi cherehani, mfunze binti mmoja wa plotini kwenu. Fundi umeme, kagua nyaya za kanisa na za madrasa. Na mkialikwa kwenye kikao cha mradi wowote, ulizeni kwa heshima: ni nani ambaye jambo hili linamhusu na bado hajaulizwa? Kisha nendeni mkambishie hodi, mumsikilize kabla ya shilingi ya kwanza kutumika.

Mwenyezi Mungu awatangulie.