Dawa Imezwe Mbele ya Nesi



Reli haifiki Garissa wala Wajir, lakini liko jambo la huko litufaalo. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, mwanamke wa Italia, aliongoza mpango wa kutibu kifua kikuu Wajir. Mfugaji akipata nafuu kidogo alifuata malisho na ngamia wake, dawa ikakatika. Basi wagonjwa wakakaa vibandani karibu na kituo, pakaitwa Manyatta, miezi sita, na kila siku wakameza dawa mbele ya mhudumu.

Wengine husema huko ni kumfanya mtu mzima mtoto. Mimi sioni hivyo. Je, dereva wa gari moshi huondoka stesheni kwa kukisia? Hungoja ishara. Nesi naye aulize jina kwanza, atazame kipimo, na aandike baada ya dawa kumezwa, si kabla. Tena amweleze mgonjwa kuwa rifampisini hugeuza mkojo mwekundu. Asipoambiwa huogopa, huacha dawa, na vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu.

Nanyi mkipangiwa safari ya usiku hali mngali mkitumia dawa hizo, mwambieni msimamizi kabla ya kuondoka.