Ufunguo kwa Mmoja, Daftari kwa Mwingine



Nitasema machache juu ya kazi yangu serikalini, yaani udhibiti wa mikataba ya fedha za misaada na mikopo ya nje.

Nilipokuwa kiranja wa stoo hapa shuleni, ufunguo niliushika mimi, lakini daftari la magunia alilishika mwenzangu. Nilidhani siaminiwi. Kumbe nilikuwa nalindwa.

Nilikuja kulielewa jambo hilo nikiwa ofisa mpya. Mkandarasi wa mradi mmoja wa maji uliogharimiwa na wahisani aliniletea hati ya kupokelea pampu. Alikuwa na haraka. Nikatia sahihi bila kwenda ghalani. Mkaguzi wa ndani alipohesabu, pampu mbili hazikuwapo. Malipo yakazuiwa mpaka zikaletwa. Sikula hata senti moja, lakini sahihi ilikuwa yangu, na aibu pia.

Jambo dogo kama hilo huweza kufichua kubwa. Nchini Lesotho kulikuwa na mradi mkubwa wa maji ya milimani, wenye fedha za Benki ya Dunia. Katika miaka ya 1990 wakaguzi walianza na taratibu za kawaida za ofisi zilizokiukwa na mtendaji mkuu, Masupha Sole. Kesi ya kumdai hasara ndiyo iliyofunua akaunti zake za Uswisi, ambamo makampuni yenye mikataba yalipitisha hongo kwa mikono ya mawakala. Mwaka 2002 Sole alihukumiwa kifungo. Kampuni ya Acres ya Kanada ilitiwa hatiani mwaka huohuo, na mwaka 2004 Benki ya Dunia ikaizuia kupata kandarasi zake kwa miaka 3. Nchi ndogo iliweza!

Ndugu zangu, mkaguzi wa mhisani huja fedha zikiwa zimekwisha kwenda. Anayewahi ni sisi tulio ofisini. Basi anayechagua mkandarasi asiwe ndiye anayepokea mali, na anayepokea asiwe ndiye anayelipa.

Nanyi vijana, siku mtakapoona mtu anahesabu upya mlichokwisha kuhesabu, msinune. Mshikieni taa.