Bendera Haizikwi

Leo tufikiri pamoja juu ya bendera ya taifa letu. Tunaiheshimu, na ni vema. Lakini, je, inatudai nini?

Kila Jumatatu na Ijumaa asubuhi watoto wetu husimama kimya uwanjani shuleni, bendera ikipandishwa. Wamefundishwa maana yake: nyeusi ni watu wa Kenya, nyekundu ni damu iliyomwagika kwa ajili ya uhuru, kijani ni ardhi na mali yake, nyeupe ni amani. Katikati ipo ngao na mikuki miwili, ulinzi wa hayo yote. Sisi wa Ukambani tunaijua ile kijani. Tarehe 12 Desemba hutukuta mashamba yana mahindi machanga na kunde. Ikifika Agosti, nchi ni vumbi tupu. Hata hivyo bendera haibadiliki rangi wakati wa kiangazi. Ni ahadi, na ahadi haingojei mvua.

Kwa askari ahadi hiyo ni kiapo. Tangu zamani vijana wengi wa Ukambani wamekuwa askari. Katika Vita vya Pili vya Dunia wazee wetu walipigana hata Burma, katika jeshi la King's African Rifles, chini ya bendera ya Mwingereza. Wajukuu wao huapa chini ya bendera yao wenyewe. Tarehe 15 Januari 2016 kambi ya askari wetu huko El Adde, Somalia, ilishambuliwa na al-Shabaab, na wengi waliuawa. Majeneza yalirudi nyumbani yamefunikwa bendera.

Sisi wachungaji tumesimama penye makaburi ya namna hiyo. Tarumbeta hulia, askari husimama wima, na kabla jeneza halijashushwa, bendera huondolewa na kukunjwa. Bendera haizikwi. Anayezikwa ni mtoto wa mtu. Kisha magari huondoka, na mjane hubaki na watoto, na shamba, na karo ya muhula ujao.

Raia naye ana sehemu yake. Usiku wa uhuru, Desemba 1963, bendera mpya ilipandishwa Nairobi. Na kijana wa Makueni, Kisoi Munyao, ambaye hakuwa askari, alipanda Mlima Kenya pamoja na wenzake, akaisimamisha juu huko katika baridi kali. Nchi nzima ilifurahi. Alifariki mwaka 2007, na wengi walishangaa kusikia kwamba mtu aliyeinua bendera ya wote alikuwa ameishi miaka yake ya mwisho katika umaskini. Kitambaa kilikuwa kimetunzwa kuliko mkono uliokiinua.

Hebu tufungue Kutoka, sura ya 17. Waisraeli wanapigana na Waamaleki. Yoshua na watu wake wako bondeni kwenye vita; Musa yuko juu ya kilima. Mikono ya Musa ikiinuliwa, Israeli wanashinda, ikishuka, wanashindwa. Naye Musa akachoka. Haruni na Huri hawakumkemea wala kumsifu kwa maneno. Walimletea jiwe akalikalia, wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likachwa. Ndipo Musa akajenga madhabahu akaiita Yehova-Nisi, maana yake Bwana ndiye bendera yangu.

Angalieni, wapendwa. Askari walikuwa bondeni, lakini vita vilishindwa pia na watu wawili wasioshika upanga. Hiyo ndiyo kazi ya raia: kushika mikono iliyochoka. Wala Musa hakuabudu fimbo aliyoiinua, alimwabudu Bwana. Bendera si Mungu. Hata hivyo, mtu aliye chini yake ni mfano wa Mungu.

Basi tufanye nini? Kwetu tuna mwethya. Kikundi kikikutana wiki hii, kianze na shamba la mjane wa askari, kimchimbie matuta kabla ya mvua. Mwenye kusoma na kuandika amsindikize ofisini kufuatilia mafao ya mumewe. Na askari mstaafu asiyelala usiku kwa sababu ya aliyoyaona, msimcheke, wala msiseme amerogwa. Keti naye. Hilo nalo ni jiwe la kukalia.

Tuombe. Ee Bwana, wewe ndiwe bendera yetu. Walinde walinzi wetu, wafariji waliofiwa, na utupe mikono isiyochoka kuwashika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.